Muziki usikike, kompyuta isisikike

Umehamisha kanda za Juma Bhalo za nyanyako zikawa faili, na sasa wataka mashine ya kuzihifadhi na kuzipiga nyumbani bila kumaliza bando. Sawa. Lakini kabla hujabeba kompyuta ya mezani ya mtumba, mwambie muuzaji aiwashe, kisha tega sikio. Ukiishi chumba kimoja, Kisauni ama Likoni, mtalala nayo humo humo, na saa nane usiku utasikia feni yake badala ya Bhalo.

Joto letu nalo halisaidii. Mashine ikipata moto, feni huongeza kasi, tena huvuta vumbi na hewa ya chumvi ndani. Mimi ningetafuta isiyo na feni kabisa. Raspberry Pi 4, iliyotoka 2019, yatoshea kiganjani, hula wati chache tu na muziki haiusumbui. Kipakatalishi kikuukuu huwa na feni, ila stima ikipotea (na itapotea) betri itakubeba.

Diski iwe SSD. Ndani hakuna kinachozunguka, kwa hivyo kimya. Wimbo wa dakika tano wa MP3 ya kilobiti 320 huchukua kama megabaiti 12, kwa hivyo gigabaiti 256 ni nyimbo karibu 20,000. Weka Jellyfin, programu ya bure, usikilize kwa simu kupitia Wi-Fi ya nyumbani.

Bhalo alifariki 2014, na kanda zinaoza. SSD pia hufa, mara nyingine bila onyo. Nakala ya pili mpelekee shangazi Changamwe.