Simbilisi na Baridi ya Kipupwe

Mwezi wa Juni ukisha kuingia, nyanda za juu za Njombe na Makete, kule Tanzania, hupatwa na baridi ambayo mtu wa pwani hawezi kuikisia. Usiku joto hushuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, na kule Kitulo, penye mwinuko wa zaidi ya mita 2,500 juu ya bahari, kuna asubuhi ambazo nyasi huonekana nyeupe kwa sakitu. Kabale, katika Uganda, nako usiku wa miezi hiyo si wa kulala bila blanketi. Familia ya askari iliyohamishwa kutoka Mwanza au Entebbe hufika huko na masanduku, masufuria na, mara nyingi, kikapu cha simbilisi wa watoto. Haipiti muda mrefu ila kilio husikika nyuma ya nyumba: mmoja amekutwa asubuhi amekauka.

Mnyama huyu mdogo asiye na mkia, ambaye huko Ulaya hufugwa kwa mapenzi tu kama wanavyofugwa panya weupe, asili yake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Wenyeji wa huko walimfuga kwa chakula miaka elfu kadhaa kabla ya Wahispania kuingia Peru mwaka 1532, na hata leo nyama yake huliwa. Kwa kuwa ametoka milimani, watu wengi hudhani kwamba baridi si kitu kwake. Dhana hiyo ina ukweli nusu. Ukoo wake wa porini hujificha katika nyasi nene na mashimo, lakini simbilisi wa kufugwa hawezi kujichimbia shimo, wala hajui kujijengea kiota kama panya. Panya akipewa vipande vya karatasi na nguo kuukuu atavitafuna, atavikusanya na kujifunika hadi puani. Simbilisi hukaa pale pale alipowekwa, akijibanza kwa wenzake, akingoja binadamu amfikirie.

Joto linalomfaa ni kati ya nyuzi 18 na 24. Hata hivyo, baridi kavu peke yake huivumilia kwa kiasi, kama ana wenzake na malazi mazuri. Kinachomwua ni upepo unaopenya ubavuni, pamoja na unyevu wa chini. Sakafu ya saruji ni adui mkubwa, maana hunyonya joto la mwili usiku kucha. Mfugaji apasa kuweka kwanza ubao au tabaka la magunia makavu, kisha juu yake nyasi kavu au maranda yasiyo na vumbi, yenye kimo cha kiganja cha mkono. Majani makavu ya mgomba nayo yafaa. Kila penye mkojo paondolewe kila siku, kwa kuwa harufu ile kali huchoma mapafu, na mapafu yaliyochomwa hushikwa na kichomi upesi.

Katika kona moja yafaa liwekwe sanduku dogo la mbao lenye mlango mmoja mwembamba, lisilokuwa kubwa mno, ili pumzi za wanyama wenyewe zilipashe joto. Usiku wa baridi kali, chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuzungushiwa nguo nzito yaweza kulazwa humo. Soksi kuukuu ya sufu hutosha kwa kazi hiyo. Blanketi la serikali lisikatwe. Bwana stoo hatakubali maelezo ya kwamba limeliwa na simbilisi.

Jambo moja hapana budi lisemwe kwa ukali. Jiko la makaa lisiachwe likiwaka usiku katika chumba kilichofungwa, iwe kwa ajili ya wanyama au ya watoto. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo humchukua mtu usingizini bila kumwamsha. Wapo waliolala wazima katika vyumba vya namna hiyo wasiamke tena. Simbilisi, aliye mdogo na karibu na jiko, huenda akafa kabla yao, lakini nani atakuwa macho kumtazama?

Desturi ya kuwafuga jikoni, iliyoko Andes na pia katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki na Kongo, ina faida yake: meko hubaki na joto hadi usiku wa manane, na maganda ya mboga huanguka karibu na midomo yao. Hasara ni moshi na viroboto. Nchini Peru ugonjwa wa tauni umewahi kuhusishwa na simbilisi wanaoishi ndani ya nyumba, na tauni haikuwa ngeni katika sehemu za Tanzania, Uganda na Kongo. Afadhali basi kibanda kiegemezwe ukuta wa jikoni kwa nje, upande usiopigwa na upepo, kimeinuliwa juu ya miguu ili panya wa porini na mbwa wasifike. Paa la mabati liwekewe nyasi juu. Mabati matupu huganda usiku na kuchoma mchana, na joto linalozidi nyuzi 30 humwua simbilisi upesi kuliko baridi.

Lakini wako wafugaji waliofanya yote haya, na bado wanyama wao wakadhoofika mwezi wa Julai. Hapo ndipo baridi husingiziwa. Kipupwe cha nyanda za juu ni wakati wa kiangazi vilevile: majani mabichi hukauka, na simbilisi hulishwa pumba na nyasi zilizokauka. Mwili wake, kama wa binadamu, hauwezi kujitengenezea vitamini C, tofauti na panya na sungura. Akiikosa kwa wiki mbili au tatu hushikwa na kiseyeye: huchechemea miguu ya nyuma, viungo huvimba, meno hulegea, naye hukataa kula kwa sababu ya maumivu. Mwenye nyumba akimwona amejikunyata huongeza matandiko, kumbe kinachotakiwa ni majani ya sukuma wiki, kabichi au kipande cha pera lililoiva, kila siku, wala si mara moja kwa wiki. Jike mwenye mimba huhitaji zaidi ya wengine.

Mimba yenyewe huchukua siku 68 hivi, muda mrefu kwa mnyama wa kimo hicho, na watoto huzaliwa na manyoya, macho wazi, wakikimbia siku ile ile. Wepesi huo huwadanganya watu. Kitoto kilichozaliwa usiku, bado kimelowa, chaweza kufa kwa baridi kabla mama yake hajamaliza kuwalamba ndugu zake. Jike aliyekaribia kuzaa atengewe sehemu kavu iliyotandikwa nene, pamoja na jike mwenzake mpole, wala asishikwe-shikwe na watoto wa nyumba. Kitoto kikikutwa baridi lakini kinapumua, kipanguswe kwa kitambaa kikavu na kuwekwa kifuani mwa mtu, ndani ya shati, mpaka kianze kutapatapa. Kisha kirudishwe kwa mama yake.

Huko Kivu ya Kusini, katika vita vilivyoanza mwaka 1996, jamaa nyingi zilipoteza ng'ombe na mbuzi wao kwa kuporwa. Simbilisi walibaki, kwa sababu waliweza kufichwa au kubebwa kikapuni. Kwa jamaa hizo kitoto cha simbilisi kinachookolewa kifuani alfajiri si mchezo wa watoto. Ni nyama ya mwezi ujao, au daftari la shule.