Kanyabayonga haikunyang'anywa jimbo

Kila uandikishaji wa wapiga kura unapokaribia, swali ni lile lile: jimbo la uchaguzi la Kanyabayonga lilifutwa mwaka gani? Safari hii limeletwa na mwalimu wa sekondari, tena mkononi ana karatasi tatu zilizojaa sahihi, anataka tume ya uchaguzi, CENI, irudishe mipaka ya zamani. Nimechoka kulijibu kwa upole. Halikufutwa. Halikuwahi kuwapo.

Najua kosa linakotoka. Kwetu Kongo, jimbo ni Kivu Kaskazini nzima, yenye gavana wake. Redio za Nairobi na Dar es Salaam zikisema jimbo, zinamaanisha eneo linalotoa mbunge mmoja. Kenya inayo 290. Msikilizaji wa Kanyabayonga analisikia neno hilo, kisha anajiuliza la kwao liko wapi. Akitokea mwanasiasa wa kumwambia kwamba liliibwa, uongo umeota mizizi.

Mwaka 1960 wabunge walichaguliwa kwa distriki, na Kivu Kaskazini, kuanzia Beni hadi Goma, ilikuwa eneo moja. Tangu sheria ya uchaguzi ya 2006, mbunge wa taifa anachaguliwa kwa teritware (eneo la utawala ndani ya jimbo) au kwa mji mkubwa kama Butembo. Kinshasa peke yake ndiyo iliyogawanywa katika makundi manne ya komine. Kanyabayonga imo teritware ya Lubero, ukingoni kabisa. Simama pale juu utazame barabara ya taifa namba 2 inavyoteremka Kabasha kuelekea tambarare ya Rwindi: kule chini ni Rutshuru. Mpaka wa teritware ndio mpaka wa kura. CENI haikuuchora na haiwezi kuusogeza, hata ipelekewe sahihi elfu kumi.

Na mpaka huo una uzito. Tarehe 20 Desemba 2023 Lubero ilipiga kura. Rutshuru haikupiga, kwa sababu ya vita. Tarehe 30 Desemba 2018 yalitokea ya namna hiyo upande wa kaskazini: mtu wa Lubero alichagua rais, jirani yake wa Butembo akaambiwa angoje hadi Machi 2019, kwa sababu ya Ebola na usalama. Machi ilipofika, rais alikuwa ameshaapishwa tangu Januari.

"Lakini sisi ni komine sasa," mwalimu akasema. Ni kweli, mwalimu. Komine inawapa haki ya kuchagua washauri wa komine, si mbunge wa kwenda Kinshasa. Na hata washauri hao, Desemba 2023 walichaguliwa katika komine za miji mikuu ya majimbo tu.

Basi nini kinaongeza viti? Si idadi ya watu; sensa yetu ya mwisho ni ya 1984. Kinachohesabiwa ni majina yaliyoandikishwa: jumla ya nchi inagawanywa kwa viti 500, na kila eneo linapata sehemu yake kwa kipimo hicho. Aliyeikimbia Kanyabayonga waasi wa M23 walipoiteka mwishoni mwa Juni 2024, akijiandikisha Butembo, uzito wake umehamia Butembo. Mnataka mbunge wa kwenu? Mpiga kura anachagua jina moja tu kwenye orodha za vyama, kwa hiyo wagombea saba wa mji mmoja watagawana kura na wote watabaki nyumbani. Tazameni na chama chenyewe: kisipofikisha asilimia 1 ya kura za nchi nzima hakipati kiti, hata kiongoze Lubero yote. Mnataka teritware yenu? Hiyo inataka sheria; bisheni hodi Bungeni.

Nilimwomba mwalimu apitie zile karatasi, aweke alama kwa kila mwenye kadi ya mpiga kura ya Lubero. Alianza na jina lake mwenyewe, akalipita bila alama. Kadi yake ni ya Goma.