Betri ya gari ikizimika kila mara: tupime kabla ya kununua

Makanisa yetu mengi huku Kivu Kaskazini, yakiwa na gari, yana moja tu. Gari hilo hubeba kila kitu: wajumbe wa mkutano, mabati ya paa, jeneza, na mara nyingine mama mwenye uchungu anayepelekwa kituo cha afya saa nane za usiku. Ndiyo maana naandika leo juu ya betri.

Paruwasi niliyotumika Butembo ilinunua betri mbili mpya kwa muda wa miezi kumi na mmoja. Kila moja ilifanya kazi vizuri majuma machache tu, kisha asubuhi ukizungusha ufunguo unasikia “tak” moja, basi. Butembo ni mji wa vilima, nasi tulikuwa na dawa yetu: kuegesha gari kwenye mteremko na kuwaita vijana wa kwaya walisukume. Dawa hiyo ilituficha ugonjwa karibu mwaka mzima. Usiku mmoja gari lilikuwa kwenye uwanja tambarare wa kanisa, mvua inanyesha, walinzi ni wawili tu, na mgonjwa anangoja. Alipelekwa kwa pikipiki chini ya mvua. Alifika salama, Mungu ashukuriwe, lakini mimi usiku ule sikulala. (Ninyi wenye magari ya giya otomatiki, msitegemee hata huo mteremko: kwa kawaida hayawaki kwa kusukumwa.)

Kosa letu lilikuwa kuilaumu betri kwa sababu ndiyo iliyokufa. Betri hufa kwa uzee, ndiyo. Wengi huipata miaka mitatu hadi mitano, na joto huipunguza. Lakini betri mpya inayokufa baada ya majuma machache mara nyingi imeuawa na kitu kingine. Ama haipati umeme gari linapotembea, ama kuna kitu kinaunyonya gari linapolala, ama waya zake hazishiki vizuri.

Chombo kinachohitajika ni kile kipimo kidogo cha umeme wanachotumia mafundi wa redio. Bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na betri. Gari likiwa limezimwa usiku kucha, weka ncha nyekundu ya kipimo kwenye chanya na nyeusi kwenye hasi. Betri iliyojaa husoma karibu volti 12.6. Ikisoma 12.4, imebaki kama robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 ni robo. Kisha washa gari na upime tena. Namba ipande ifike kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Ikibaki 12 na kitu huku ikishuka polepole, alteneta haichaji, au mkanda wake umelegea. Ikipita 15, alteneta inaichemsha betri na kuikausha maji, na hiyo nayo huua.

Hapa niseme jambo moja kwa mafundi wetu. Bado wapo wanaong'oa waya wa betri injini ikiwa inanguruma, eti waone kama alteneta ni nzima. Tafadhali, wakatazeni. Umeme huruka ghafla na unaweza kuunguza diodi za alteneta pamoja na kompyuta ya gari. Kipimo hutoa jibu lile lile bila hasara.

Waya usizidharau. Ule unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri huzuia umeme. Fungua waya wa hasi kwanza, kisha wa chanya. Safisha kwa maji ya moto yenye bikaboneti, kausha, kaza, na wa hasi uwe wa mwisho kurudi. Angalia pia ule waya mnene unaotoka hasi kwenda kwenye chuma cha gari. Umeoza kwenye magari mengi kuliko tunavyodhani, maana barabara zetu mnazijua.

Kwetu sisi hayo yote yalikuwa sawa. Asubuhi volti 12.6, gari likiwaka 14.2. Lakini likikaa siku tatu bila kutembea, halina nguvu. Hiyo ni dalili ya mnyonyaji.

Kumtafuta kunahitaji uvumilivu. Zima kila kitu, toa ufunguo, hakikisha taa ya mlango haiwaki. Fungua waya wa hasi, kisha unganisha kipimo, kikiwa upande wa ampea 10, kati ya waya huo na kichwa cha betri. Usithubutu kuwasha gari kikiwa hapo. Fyuzi yake itaungua. Ngoja nusu saa, kwa sababu magari ya kisasa huchelewa kulala. Gari zima likilala hunyonya kidogo tu, kwa kawaida chini ya ampea 0.05, kwa ajili ya saa na kumbukumbu ya kompyuta. La kwetu lilisoma 0.6.

Fanyeni hesabu. Ampea 0.6 kwa saa 24 ni ampea-saa 14.4. Betri yetu ilikuwa ya 70. Kwa siku tatu imepoteza zaidi ya 43, yaani zaidi ya nusu.

Tukaanza kuchomoa fyuzi moja moja, tukitazama namba. Ikishuka, umeipata njia ya mnyonyaji. Tulimaliza fyuzi zote na namba haikushuka. Nilianza kuwaza alteneta, kwa maana diodi ikiharibika, umeme hurudi nyuma usiku kucha. Ndipo fundi akafuata kwa mkono waya mwembamba uliofungwa moja kwa moja kwenye betri, bila fyuzi, ukipita chini ya kiti. Ulikwenda kwenye ampulifaya ya vipaza sauti vya uinjilisti wa barabarani. Sisi wenyewe tuliagiza ifungwe. Tulipozima kinasa sauti, vipaza sauti vilinyamaza, lakini ampulifaya ilibaki macho usiku na mchana. Tuliweka fyuzi na swichi. Namba ikashuka hadi 0.03.

Betri ya pili hatukuiokoa. Betri ya kuwashia gari haikuumbwa kwa kumalizwa na kujazwa tena na tena. Kila inapobaki tupu, bamba zake za risasi hugandiwa na salfeti na uwezo hupungua. Kwa hiyo pia si vizuri kuipeleka nyumbani iangalie televisheni mwangaza ukikatika. Na mnapoikagua usiku, msikaribie na taa ya petroli wala sigara, maana ikichajiwa hutoa gesi inayolipuka.

Tangu hapo kamati ya fedha haitii sahihi ununuzi wa betri bila karatasi yenye namba tatu: volti za asubuhi, volti gari likiwaka, na ampea gari likiwa limelala. Kipimo chenyewe kinakaa ndani ya gari, pamoja na daftari la safari.