Mama Zeb na maji ya London

Jumamosi iliyopita hatukuhesabu likelemba. Tulikaa kwenye lupango ya mweka hazina wetu, kompyuta juu ya meza, watoto wamelala kwenye mikeka, tukatazama filamu. Inasemwa Kiingereza, basi binti wa mama mmoja wetu alisimama pembeni akatutafsiria neno kwa neno, na pale alipochoka tulielewa wenyewe, kwa maana mtoto akilia njaa hakuna anayehitaji mkalimani.

Jina lake ni The End We Start From, ya mwaka 2023. Aliyeiongoza ni mwanamke, Mahalia Belo, na hadithi inatoka katika kitabu cha mwanamke mwingine, Megan Hunter, kilichotoka 2017. Wengine wanaiweka kwenye filamu za mambo yatakayokuja. Sisi tuliokaa kando ya ziwa hili tulijiuliza yatakuja wapi tena, maana kwetu yamekwisha kufika.

Hadithi ni hii. Mvua inanyesha London bila kuacha. Mama mmoja, anayechezwa na Jodie Comer, anashikwa na uchungu siku ile ile maji yanapoingia nyumbani mwake. Anazaa mtoto mwanaume, Zeb. Katika filamu nzima huyu mtoto ndiye mwenye jina kamili, watu wazima wanaomzunguka ni herufi tu: mume ni R, rafiki ni O. Mama mwenyewe hana hata herufi. Binti aliyetutafsiria alisema wazungu wameliandika sana jambo hilo, kana kwamba ni fumbo. Sisi hatukuona fumbo. Tulimwita Mama Zeb tangu dakika ya kwanza, kama sisi tunavyoitwa, na nusu yetu hatujui jina la ubatizo la jirani.

Mama Zeb na mumewe wanakimbilia kijijini kwa wakwe, juu mlimani. Huko chakula kinakwisha. Wanapokwenda kutafuta msaada watu wanasukumana, na mama mkwe anakufa katika msukumano ule. Hapo lupango nzima ilinyamaza. Aliyewahi kusimama kwenye mstari wa unga na mtoto mgongoni anajua kwamba watu wenye njaa wanaweza kuua hata kama hakuna mmoja aliyekusudia.

Tulicheka pia. Tulicheka jinsi wanavyobeba watoto kifuani siku nzima, barabara ndefu, huku mgongo umekaa bure. Lakini hatukucheka walipoonyesha Zeb ananyonya. Jiko hakuna, maji safi hakuna, na mtoto ananenepa. Lugha yetu ina neno moja, ziwa, kwa maji haya yaliyo mbele yetu na kwa kifua cha mama, na mwaka ule maji yalipopanda ziwa moja lilitutia ugonjwa na lingine likatuponyesha watoto.

Hapa tuseme kidogo juu ya maji yetu, kwa maana hayafanani na yale ya filamu. Ya London yanakuja kwa saa chache. Ya Tanganyika yanapanda kwa miezi, kidole kwa kidole, na yakishaingia hayaondoki haraka. Ziwa linapokea maji ya Ruzizi, Malagarasi na mito mingi midogo, lakini mlango wa kutokea ni mmoja tu, Lukuga, hapa hapa Kalemie. Sehemu kubwa ya maji inapotea kwa jua, si kwa mto. Kwa hiyo miaka ya mvua nyingi ikifuatana, ziwa linajaa kama bidoni iliyotobolewa tundu dogo. Mwingereza Cameron alipofika mwaka 1874 alikuta mlango wa Lukuga umezibwa na majani na mchanga, na miaka michache baadaye maji yakausukuma yakapita. Wazee wanakumbuka pia jinsi ziwa lilivyopanda miaka ya mwanzo ya 1960. Halafu yakaja ya 2020 na 2021, na 2024, tulipoona ufuko umefika mlangoni, na jirani zetu wa Uvira na wa Gatumba kule Burundi wakihama kama sisi.

Na maji yanayopanda polepole yanaingia kwanza chooni. Hapo ndipo kipindupindu kinapoanzia, ugonjwa ambao Kalemie tunaujua sana. Filamu haionyeshi hilo hata mara moja, na tunadhani ni kosa lake kubwa. Wamama wapya, mjue: mtoto akiharisha usimwachishe ziwa, mnyonyeshe zaidi. Wakati mnampeleka kwenye kituo cha afya, aliyeanza kula mpeni kidogo kidogo maji yaliyochemshwa, lita moja, ndani yake vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, kijiko kimesawazishwa. Chumvi ikizidi inadhuru.

Turudi kwenye filamu, mahali ilipotushika. R na mkewe wanapata kambi ya kujihifadhi. Kambi ina nafasi ya wawili tu, mama na mtoto. R anabaki nje. Mama Zeb anaingia na mtoto, na mlango unafungwa.

Mama mmoja aliyekaa nyuma alisema, si kwa sauti kubwa, "Ni ninyi hao."

Tulimjua, na tulijua anasema nini. Mwaka 2024 nyumba yake ilipoingiliwa na maji alikuja kwetu. Tulikuwa tumetafuta vyumba kwa wanachama walio juu, na tulikuwa tumehesabu vizuri sana, tukijisifu kwa mpango wetu. Alikuwa na mtoto wa wiki tatu, watoto wengine wanne na mama mkwe asiyeona vizuri. Tulimwambia nafasi ipo kwa yeye na mchanga. Wale wengine walilala kwenye baraza la kanisa, na kila jioni alishuka kuwapelekea bukari na dagaa, akapanda tena usiku kunyonyesha. Hakulalamika. Sisi tulichukua ukimya wake kuwa shukrani.

Tulisimamisha filamu. Mama mmoja alijitetea: tungeweka wapi watu saba katika chumba kimoja? Mwingine akajibu kwamba hatukumuuliza yeye mwenyewe, huenda angechagua saba katika chumba kimoja. Mweka hazina alisema hesabu ilikuwa sahihi. Ilikuwa sahihi kweli, na hiyo ndiyo iliyotuuma. Tulizungumza mpaka betri ikakaribia kwisha, ndipo binti akatuomba tumalize filamu kwanza.

Mwisho wake hatuusemi, kwa maana wa Jumamosi ijayo bado hawajaiona. Tuseme tu kwamba O, rafiki anayepatikana kambini na mtoto wake mchanga, ndiye tuliyempenda kuliko wote. Wanatembea pamoja, anaongea ovyo, anachekesha wakati hakuna cha kuchekesha. Kila kundi la wamama lina O wake, na wa kwetu anajijua.

Baada ya filamu tulifungua daftari jipya. Tunaandika sasa, kabla ya mvua za mwezi wa kumi, nani atakwenda kwa nani, na tunaanza na nyumba zilizo karibu na maji. Atakayepokea ataandika ana chumba gani na mkeka mingapi. Atakayehama ndiye atakayesema kama anataka watu wake wakae pamoja au wagawanywe, na jibu lake litaandikwa kama alivyolisema.

Mama wa 2024 aliandikishwa wa kwanza. Alisema saba, kisha akajisahihisha: wanane, mkwe amemleta mjukuu mwingine kutoka Nyunzu.

Daftari liko kwa mweka hazina. Ukija, taja watu wote wa nyumba yako, hata mtoto wa dada unayemlea, hata kama unaona aibu kwamba ni wengi.