Mkono Ukirefuka, Uwezo Hupungua

Kolwezi, makao makuu ya jimbo la Lualaba, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, tangu jimbo hilo lilipomegwa kutoka Katanga mwaka 2015, ni mji wa kupakia na kupakua. Mabamba ya shaba hufungwa mafurushi na kupandishwa kwenye malori yanayoelekea Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Kobalti hutiwa kwenye magunia makubwa ya tani moja au zaidi. Na tangu mgodi wa Kamoa-Kakula, magharibi mwa mji, uanze kuzalisha mwaka 2021, mabomba na vyuma vya ujenzi havijaacha kuingia.

Sehemu kubwa ya kazi ya namna hiyo huangukia mtambo mmoja: foklifti yenye mkono unaorefuka. Palipo na Kifaransa wengi huuita Manitou, kwa jina la kampuni ya Ufaransa, hata kama umetoka kwa JCB ya Uingereza, iliyoanza kuuza wake mwaka 1977.

Tuseme ubavuni mtambo umeandikwa tani 4, na hapo ndipo hatari inapoanzia. Tani hizo ni za mkono uliokunjwa. Mzigo wa tani 2 ukiwa mita 2 mbele ya magurudumu ya mbele, unauvuta mtambo kwa nguvu fulani. Usukume hadi mita 4, nguvu hiyo inakuwa maradufu ingawa hakuna kilo iliyoongezwa. Mtambo wa tani 4 wenye mkono wa mita 17, ukinyooshwa mbele hadi mwisho, hubakiwa na uwezo usiofika tani moja. Ndiyo maana ndani ya kibanda kuna jedwali la mizigo, na opereta asiyelisoma anafanya kazi kwa kubahatisha.

Kengele ya kibandani inayoonya hatari ya kupinduka ikilia, mikono ya wengi hukimbilia kushusha mzigo. Hilo ni kosa kubwa. Mkono uliosimama ukishushwa, mzigo husogea mbele zaidi, na mtambo uliokuwa ukingoni hupinduka. Kwanza mkono urudishwe ndani, ndipo ushushwe.

Hata hivyo kengele hiyo kwa kawaida hupima kupinduka kwa mbele tu. Kuhusu ubavuni, iko kimya. Ekseli ya nyuma hucheza kwenye pini moja ya katikati ili magurudumu yafuate mabonde ya ardhi, kwa hiyo mtambo wa matairi manne, kwa hesabu ya uthabiti, umesimama juu ya pembetatu. Mzigo ukiwa mita 17 juu, mwinamo wa digrii 3 pekee unausogeza kando karibu sentimita 90. Usawa basi hutafutwa kabla ya kuinua, kwa kutazama pimamaji kibandani. Kujaribu kuusawazisha mtambo mzigo ukiwa tayari juu ni kuchezea maisha. Tairi moja lenye upepo mdogo linatosha kuharibu hesabu yote.

Mvua za Lualaba zinapoanza, mwishoni mwa mwaka, udongo mwekundu ulioshindiliwa wakati wa kiangazi hulainika, na tairi huzama upande mmoja bila kutoa taarifa. Gunia la kobalti linaloning'inia nalo lina shida yake: dereva akifunga breki ghafla, gunia hubembea mbele na kuongeza umbali ambao jedwali halikuuhesabu. Safari ifanywe polepole, mkono ukiwa chini, mzigo karibu na ardhi.

Mtambo ukianza kupinduka, opereta asiruke. Wanaoruka ndio hulaliwa na kibanda kilichojengwa kuwalinda. Mkanda uwe umefungwa, mikono ishike imara, mwili uegemee upande ulio kinyume na anguko.

Kolwezi ina migodi ya Waswisi, ya Wachina na ya ubia na Gécamines, kampuni ya madini ya serikali. Maagizo huandikwa kwa Kifaransa, Kiingereza au Kichina, ilhali mazungumzo kazini mara nyingi ni Kiswahili. Wenye migodi na wakandarasi wao wafundishe jedwali la mizigo kwa Kiswahili, mtambo ukiwa mbele ya wanafunzi, na opereta anayekataa kuinua mzigo uliopita kipimo asikatwe mshahara.