MAANA NA ASILI YA NENO "AMFITHEATRO"

Kila lugha hukopa maneno kwa majirani zake, na aghalabu neno lililokopwa huchukua ndani yake habari za watu walioliunda. Neno moja la namna hiyo ni "amfitheatro". Wasomao habari za Roma ya kale hulikuta mara kwa mara, lakini si wote wanaofahamu maana yake.

Asili ya neno hilo ni Kiyunani, nalo limeungwa kwa maneno mawili. La kwanza ni "amfi", yaani "pande zote mbili" au "kuzunguka". La pili ni "theatron", yaani "mahali pa kutazamia", ambalo latokana na tendo la kutazama, kama vile katika Kiswahili neno "mtazamaji" litokavyo katika "tazama". Basi amfitheatro ni mahali ambapo watazamaji huketi pande zote na mchezo uko katikati. Ni mfano wa watu wanaowazunguka wachezaji wa ngoma, ila hapa watu huketi juu ya madaraja yaliyopandana kama ngazi, ili aliye nyuma asizibwe na aliye mbele.

Yafaa kupambanua jengo hili na thieta ya Wayunani. Wao walizoea kutengeneza viti katika mteremko wa kilima, kwa umbo linalokaribia nusu duara, kuelekea jukwaa. Waliojenga viti vya kuzunguka pande zote ni Warumi, ijapokuwa jina ni la Kiyunani. Tena kitu kilitangulia, jina likafuata. Katika mji wa Pompeii, nchi ya Italia, liko jengo la mawe la namna hiyo lililojengwa yapata mwaka 70 kabla ya kuzaliwa Kristo. Maandishi yaliyochongwa na waliolijenga hayakuliita amfitheatro, bali "spectacula", neno la Kilatini lenye maana ile ile ya mahali pa kutazamia.

Uwanja wa katikati ulimwagwa mchanga, ambao kwa Kilatini huitwa "arena". Mchanga huo ulinyonya damu, kwa maana michezo yenyewe ilikuwa mapigano ya watu kwa silaha, na ya watu na wanyama wakali.

Lakini hatari haikuwa ya wapiganaji peke yao. Mwaka 27 baada ya kuzaliwa Kristo, mtu mmoja jina lake Atilius, aliyekuwa ameachwa huru kutoka utumwani, alijenga amfitheatro ya mbao huko Fidenae, karibu na Roma. Alitaka faida, kwa hiyo hakuweka msingi imara wala hakuziunga mbao kwa nguvu. Watu walipojaa, jengo lote likaanguka. Mwandishi Tacitus asema waliokufa na kuumia walikuwa 50,000. Matajiri wa Roma walifungua nyumba zao ili majeruhi watibiwe, naye Atilius akafukuzwa nchini. Ndipo Baraza la Roma likaamuru kwamba amfitheatro isijengwe ila juu ya ardhi iliyokwisha kupimwa uimara wake, na kwamba mtu asiye na mali ya kutosha asiandae michezo hiyo.

Amfitheatro iliyo mashuhuri kupita zote ni Colosseum ya Roma, iliyofunguliwa mwaka 80 na Kaisari Titus. Urefu wake wapata futi 620 na upana futi 510, nayo ilikuwa na milango 80, ili maelfu ya watu waingie na kutoka pasipo kusongana. Hata bara la Afrika lina majengo hayo. Huko El Jem, nchi ya Tunisia, ipo moja kubwa mno iliyojengwa katika karne ya tatu, na kuta zake zingali zimesimama.

Siku hizi neno hilo hutumika hata kwa kumbi za wazi zenye viti vya nusu duara, ambazo kwa asili ya neno zingestahili kuitwa thieta. Viwanja vikubwa vya mpira, vyenye viti pande zote, ndivyo vilivyo karibu zaidi na maana ya kwanza. Navyo vyahitaji yale waliyojifunza Warumi kwa msiba wa Fidenae: anayewaita watu waje kutazama, kwanza na ahakikishe uimara wa mahali watakapoketi. Rahisi ni ghali.