Kibimba: Kituo cha Misheni Kilichopokezana Imani

Kibimba ni kilima kilicho kando ya barabara kuu itokayo Bujumbura kwenda Gitega, katikati ya Burundi. Kanisa, shule na hospitali za hapo zinatokana na kazi ya Marafiki, ambao wengi huwaita Wakwekeri. Lakini historia ya ibada kilimani hapo ilianza kabla yao.

Zamani Warundi walimwamini Imana, Muumba wa vyote, na waliomba msaada kupitia Kiranga, roho aliyekuwa mpatanishi kati yao na Imana. Matambiko yake, yaitwayo kubandwa, yaliongozwa na watu waliokwisha kupitishwa katika siri za ibada hiyo. Hayakuhitaji nyumba maalumu: yalifanyika uani, na mti wa umurinzi ulihesabiwa kuwa mtakatifu. Jengo la ibada lilikuja na wamisionari.

Wakatoliki walitangulia. Mapadre Weupe, waliofika Rumonge mwaka 1879, walipoteza wenzao watatu waliouawa huko mwaka 1881, na misheni za kudumu zikaanza Muyaga mwaka 1898 na Mugera mwaka 1899. Waprotestanti walifuata mwaka 1911, nchi ikiwa chini ya Wajerumani. Hao walikuwa wamisionari wa Neukirchen, chama cha Kijerumani kilichokuwa kikifanya kazi miongoni mwa Wapokomo wa Mto Tana, nchini Kenya, tangu mwaka 1887. Walifungua vituo kadhaa, Kibimba, Musema na Muyebe vikiwemo.

Kazi hiyo ilikatizwa na Vita Kuu ya Kwanza. Juni 1916 majeshi ya Ubelgiji yaliingia Usumbura, yaani Bujumbura ya leo, kisha Gitega. Wamisionari wa Kijerumani wakalazimika kuondoka, na vituo vyao vikabaki bila wachungaji. Watawala wapya waliliegemea zaidi Kanisa Katoliki, hasa katika elimu, na kwa miaka mingi Waprotestanti hawakuwa na nguvu.

Vituo vilivyoachwa vilipata wenyewe wapya, kila kimoja na dhehebu lake. Wabaptisti wa Denmark waliingia Musema mwaka 1928. Wamethodisti Huru, wakiongozwa na Mkanada John Wesley Haley, walianza kazi Muyebe mwaka 1935. Kibimba iliwaangukia Wakwekeri wa Kansas, Marekani: Arthur Chilson na mkewe Edna walifika mwaka 1934. Chilson hakuwa mgeni Afrika Mashariki, kwani mwaka 1902 alikuwa mmoja wa watu watatu walioanzisha misheni ya Kaimosi, magharibi mwa Kenya. Alifariki Burundi mwaka 1939.

Mabadiliko hayo yaligusa mafundisho yenyewe. Wajerumani walibatiza kwa maji na kushiriki Meza ya Bwana. Wakwekeri, ambao chimbuko lao ni mahubiri ya George Fox huko Uingereza katika karne ya 17, kwa desturi huuona ubatizo na ushirika kuwa mambo ya rohoni, yasiyohitaji maji, mkate wala divai. Hata hivyo, Wakwekeri wa Kansas ni wa mrengo wa kiinjili: wana wachungaji, mahubiri na nyimbo. Fundisho lao jingine la msingi ni kukataa vita na umwagaji damu.

Fundisho hilo lilipata jaribu kubwa Oktoba 1993. Rais Melchior Ndadaye, Mhutu, alipouawa na wanajeshi Watutsi, mauaji ya kikabila yalizuka nchini. Makumi ya wanafunzi Watutsi wa shule ya Kibimba walichukuliwa na kuchomwa moto katika kituo cha mafuta kilicho jirani. Mauaji ya kulipiza kisasi yakafuata, na Wahutu na Watutsi wa eneo hilo wakatengana kwa hofu.

Katika hali hiyo, Wakwekeri na majirani zao walianzisha Kamati ya Amani ya Kibimba, iliyowaleta pamoja Wahutu na Watutsi kuzungumza. Hospitali na shule zilifunguliwa tena kwa watu wa makabila yote. Mahali pa mauaji pamejengwa mnara wa kumbukumbu wenye maneno ya Kifaransa yanayosema jambo hilo lisitokee tena kamwe. Mfano wa kamati hiyo ulienea sehemu nyingine za Burundi, na kazi ya upatanisho ikawa sehemu ya utambulisho wa Kanisa la Marafiki, ambalo leo linaongozwa na Warundi wenyewe.